Boss Skrini na kitabu cha namba: jinsi ya kuzuia programu za simu zisibebe namba za watu wako

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai bado iko jikoni, simu inalia. Namba ya Uganda, siijui.

"Naongea na Boss Skrini?" anauliza dada wa upande wa pili.

Hapo hapo nikajua imetoka wapi. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeniita Boss Skrini: kijana wa boda anayepaki mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Busia, upande wa Uganda. Nimeshambadilishia vioo vitatu. Dada akaendelea: kijana ana mkopo, siku zimepita, na wewe ndiye mdhamini wake. Mdhamini? Nimetia sahihi wapi? "Namba yako ipo hapa," akasema, akakata.

Mimi sijawahi kuweka programu ya mikopo kwenye simu yangu. Haikunisaidia kitu, kwa sababu namba yangu haikai kwangu. Imelala kwenye simu za mamia ya wateja, mashemeji na watu wa kanisani, na kila mmoja wao anaweza kuigawa kwa kugusa neno moja: Ruhusu. Na mimi naweza kuzigawa zao vivyo hivyo. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomfanyia mteja akikaa kwenye benchi langu na kuniambia, "Fundi, nisafishie hii simu." Chukua yako mkononi tuende pamoja.

Kwanza ujue kinachobebwa

Ukiipa programu ruhusa ya anwani (Contacts), yaani kitabu chako cha namba, haichukui namba moja. Inafunguliwa kitabu kizima: jina kama ulivyoliandika, namba zote zilizo chini yake, barua pepe, picha, siku ya kuzaliwa kama uliijaza. Kitabu cha namba 600, ukitoa picha, ni maandishi matupu, mzigo mdogo kuliko picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp. Kikipakiwa kwenda kwenye kompyuta za kampuni, bando halitikisiki. Hutajua.

Na majina yanasema zaidi ya namba. Mama mmoja muuza samaki aliniletea simu yake, tukapitia kitabu pamoja. Kulikuwa na "Sista Dawa za Kila Mwezi". Kulikuwa na "Landlord USIPOKEE". Kulikuwa na "Customs Yule Mrefu", na chini kidogo "Baba Brian Mpya". Mama akacheka mpaka akashika meza, halafu akanyamaza. Mtu asiyemjua akisoma majina manne hayo tu, ameshajua afya yake, deni lake la nyumba, anavyovusha mzigo, na mambo ya chumbani.

Hatua ya 1: Angalia nani ana ufunguo tayari

Usianze kufuta programu ovyo. Anza kwa kuhesabu.

Kwenye Android, na hapa Busia hiyo ina maana Tecno, Itel, Infinix na Samsung, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya faragha, halafu kidhibiti cha ruhusa. Simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo utaona Settings, kisha Privacy au Security and privacy, kisha Permission manager. Kila kampuni imelificha mahali pake; ukipotea, andika "permission" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. Ndani utakuta orodha: kamera, maikrofoni, mahali ulipo, anwani. Gusa anwani, yaani Contacts. Programu zilizoruhusiwa zimepangwa juu, zilizokataliwa chini.

Kwenye iPhone ni mipangilio, faragha na usalama, kisha anwani. Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024 kuna njia nzuri zaidi: unaweza kuipa programu watu unaowachagua wewe, wawili au watano, kitabu kingine kikabaki kimefungwa.

Sasa soma orodha hiyo polepole. Kwa kila jina jiulize swali moja: hii ikikosa namba zangu, kazi yake itakwama? Tochi haihitaji namba ya shangazi. Kibodi haihitaji. Mchezo wa mpira, kikokotoo, programu ya kubeti, ya kuhariri picha, hakuna hata moja. Kwa simu ninazozifungua, wanaostahili kubaki ni programu ya kupigia, ya meseji, kitabu chenyewe cha anwani, na pengine WhatsApp. Basi.

Hatua ya 2: Funga

Gusa kila isiyostahili, chagua "Usiruhusu". Watu huogopa kwamba programu itaharibika. Ikikasirika itakuomba tena, nawe utakataa tena; kwenye Android 11 na kuendelea, ukikataa mara mbili inanyimwa hata nafasi ya kuuliza. Ikikataa kabisa kufanya kazi mpaka uifungulie kitabu, imeshakueleza yenyewe biashara yake ni ipi.

Ukiwa humo humo, pitia milango mitatu mingine ambayo watu huisahau. Rekodi ya simu ulizopiga na kupokea ni ruhusa peke yake, na inasema mengi kuliko kitabu, maana inaonyesha unayempigia usiku. Meseji ni ruhusa nyingine: anayezisoma anasoma kila ujumbe wa pesa za simu, MoMo ya MTN na Airtel Money, pamoja na jina la aliyekutumia na salio lililobaki. Wa tatu ni ufikiaji wa arifa, ambao haukai kwenye orodha hiyo. Uko kwenye ruhusa maalumu za programu. Programu yenye ufunguo huo inaona jina la kila anayekuandikia, WhatsApp ikiwemo, bila kugusa kitabu chako.

Android zenye toleo la 12 na kuendelea zina pia dashibodi ya faragha, inayoonyesha ni programu gani iligusa nini na saa ngapi. Iangalie kesho asubuhi. Ukikuta kitu kimefungua anwani saa tisa usiku wakati wewe umelala, umepata jibu.

Hatua ya 3: Akaunti ni ya nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mwongozo unaoligusa na ndilo ninaloliona kila wiki, na kwa sababu sisi mafundi tuna dhambi zetu.

Mtu ananunua simu, haijui Gmail. Muuzaji anamwambia, "Lete, nikufungulie." Anamtengenezea akaunti, nywila anaijua yeye peke yake. Au ana haraka, foleni ni ndefu, anaingiza akaunti yake mwenyewe ili WhatsApp ipakuliwe, halafu anasahau kuitoa. Hata mimi nimeshafanya hivyo, zamani, na sijivunii. Kuanzia siku hiyo kila namba mpya unayohifadhi huenda inapanda kwenye akaunti ya huyo muuzaji. Hakuna programu iliyokuibia. Simu inafanya kazi yake ya kawaida ya kusawazisha anwani. Nilishaletewa simu ya mwalimu yenye namba 1,100, na zaidi ya nusu hakuzijua: zilikuwa za wateja wengine wa aliyemuuzia.

Fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, soma barua pepe iliyoandikwa pale. Ni yako? Unajua nywila? Kama ni yako lakini alikufungulia mtu, badilisha nywila leo, na uweke namba yako mwenyewe kuwa ya kurejesha akaunti. Kama si yako, usiitoe kwanza! Ukiitoa, namba zilizohifadhiwa humo zinaondoka nayo, na utakuja kulia kibandani kwangu. Fuata mpangilio huu:

1. Fungua programu ya anwani, tafuta sehemu ya kutoa nakala, uhifadhi faili lenye namba zote kwenye simu.
2. Fungua akaunti yako ya Google na uiingize kwenye simu.
3. Ingiza lile faili, ukichagua lihifadhiwe kwenye akaunti yako.
4. Hakikisha kwenye contacts.google.com kwamba namba zimefika.
5. Sasa toa ile akaunti ya mtu. Namba zilizokwisha kupanda kwake bado anazo. Mpigie umwombe azifute, na usione aibu.

Kama unauza simu yako ya zamani, kuitoa laini hakutoshi. Toa akaunti, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 4: Fuata zilizokwisha kuondoka

Kufunga mlango hakurudishi ng'ombe aliyetoka. Ukizima ruhusa leo, nakala iliyopakiwa mwaka jana bado imekaa kule. Baadhi ya programu zina kitufe cha kuifuta, ila hakuna atakayekuonyesha.

Telegram: ingia mipangilio, faragha na usalama, shuka chini. Zima usawazishaji wa anwani, kisha futa anwani zilizosawazishwa. Ni vitu viwili, vifanye vyote. TikTok ina swichi ya kusawazisha anwani kwenye sehemu ya faragha, na Facebook na Instagram zinayo kwenye kituo cha akaunti, chini ya taarifa na ruhusa zako.

Truecaller inataka maelezo yake. Wengi hapa wanaipenda, kwa sababu inakutajia jina la anayepiga kabla hujapokea. Jina hilo linaweza kuwa limetoka kwenye vitabu vya watu wengine, ndiyo maana unaweza kuonekana humo bila kuwahi kuiweka, tena kwa jina ambalo hukulichagua. Kuondoa namba yako kuna ukurasa wa tovuti yao, truecaller.com/unlisting; unaandika namba kwa mtindo wa kimataifa, +256 na kuendelea. Kama una akaunti nao, lazima kwanza uizime ndani ya programu, vinginevyo ombi halipiti. Sisi wa mpakani wenye laini mbili tufanye mara mbili, ya +256 na ya +254.

Hatua ya 5: Kabla ya kuweka programu mpya

Kwenye Play Store, usiguse kitufe cha kuweka kabla ya kushuka chini. Kuna sehemu ya usalama wa data, ambapo mtengenezaji anaeleza anachukua nini, na kwenye maelezo ya programu, mwisho kabisa, kuna orodha ya ruhusa. Maelezo ya usalama wa data ameyaandika mwenyewe, kwa hiyo usiyaamini kama maandiko matakatifu. Orodha ya ruhusa ndiyo inayosema kweli.

Kwa programu za mikopo kuna jambo kila mkopaji alijue: tangu tarehe 31 Mei 2023 Google imezipiga marufuku kugusa anwani na picha za mtumiaji. Maana yake ni nyepesi. Programu ya mkopo inayokuomba kitabu cha namba leo ama inavunja sheria za duka, ama hukuipata dukani. Na hii ya pili ndiyo ninayokutana nayo: mtu ametumiwa kiungo WhatsApp, au rafiki amemrushia faili la APK, yaani programu isiyopitia dukani, kwa kutumia Xender, akazima onyo la simu na kuliweka. Kilichofukuzwa mlangoni kimeingia dirishani. Ikitoka nje ya duka, iache.

Halafu VPN, zile programu za kufungulia mitandao iliyofungwa. Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, kila mtu alitafuta VPN ya bure, na simu nyingi bado zina tatu au nne zilizosahaulika. VPN haina kazi yoyote na anwani zako. Inayoziomba, itoe sasa hivi. Nyingine, baki na moja unayoijua.

WhatsApp wengi huniuliza kama inawezekana kuitumia bila kuifungulia kitabu. Inawezekana, ila ni kero: utaona namba badala ya majina. Kuanzisha mazungumzo unaweza kuandika kwenye kivinjari wa.me/ kisha namba yenye 256 mbele, bila alama ya kujumlisha. Mwishoni mwa 2024 kampuni ilitangaza pia njia ya kuhifadhi namba ndani ya WhatsApp yenyewe, nje ya kitabu cha simu. Kwa wateja wa mara moja naiona inafaa sana.

Hatua ya 6: Kama wameshaanza kupigia watu wako

Zima ruhusa zote za programu hiyo mara moja, lakini usiifute bado. Piga picha za skrini: ukurasa wa mkopo, masharti, meseji za vitisho, namba zilizopiga na saa zake. Waombe waliopigiwa wakutumie za kwao. Ukishapata ushahidi, ndipo uiondoe.

Kisha wahi wewe kabla hawajawahi wao. Aibu ndiyo silaha yao pekee, na inapoa ukiizungumza mwenyewe. Kijana wa boda nilimwandikia ujumbe huu akautuma kwa watu wake:

"Habari zenu. Kuna watu wanaweza kuwapigia wakitaja jina langu na deni. Hamjanidhamini na hamdaiwi chochote. Msitume pesa, msiwape namba ya mtu mwingine. Mkiandikiwa, nitumieni picha ya ujumbe. Samahanini kwa usumbufu."

Alisita sana kuutuma kwa baba mkwe. Akautuma. Mzee akamjibu kwamba ameshapigiwa mara mbili na ameshawatukana.

Deni, kama ni la kweli, linabaki deni. Hilo lilipe au mpange. Lakini kumdai mtu si ruhusa ya kuwatisha jamaa zake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inataka taarifa zako zikusanywe kwa idhini yako, na kwa kawaida zichukuliwe kwako wewe mwenyewe. Kupata au kutoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumfikisha mhusika kwenye faini ya hadi pointi 240 za sarafu, ambazo kwa shilingi 20,000 kila moja ni shilingi 4,800,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, PDPO, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari; ina tovuti, huhitaji kupanda basi hadi Kampala. Mkopeshaji naye anatakiwa awe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji chini ya sheria ya mwaka 2016. Kama jina lake halimo kwenye orodha yao, liandike hilo kwenye malalamiko yako, na ukitishiwa maisha nenda polisi na picha zako.

Na aliyepigiwa simu, mtu kama mimi, anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe. Namba iliyotumika ni yangu. Kijana alikuwa na uwezo wa kuikopesha simu yake, hakuwa na uwezo wa kunikopesha mimi.

Hatua ya 7: Punguza kilichomo kitabuni

Kuna imani hapa kwamba ukihifadhi namba kwenye laini badala ya simu, programu hazitaiona. Si kweli. Ruhusa ile ile ya anwani hufungua na za kwenye laini.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha. Nunua katochi, ile simu ya vitufe ambayo ndugu zetu ng'ambo ya geti la mpaka, upande wa Kenya, wanaiita kabambe, na uweke humo namba ambazo hutaki zisambae: daktari, wakili, mtoto aliye shuleni, mtu wa pesa. Haina programu za kuomba kitu, na chaji inakaa wiki.

Kwenye simu kubwa, futa namba ambazo hujazipiga miaka miwili, na badilisha majina yanayosimulia. "Sista Dawa za Kila Mwezi" anaweza kuwa Agnes. Ondoa vyeo vinavyonukia pesa: Boss, Mheshimiwa, Tajiri, Uncle London. Anayetafuta wa kumtisha ndani ya namba mia nne hapigi kwa kufuata alfabeti.

Kijana wa boda tulikaa naye jioni, mvua ikinyesha, hakuna abiria. Programu kumi na moja zilikuwa na ufunguo wa kitabu chake, mojawapo ni ya kupamba skrini kwa maua. Tukazifunga zote. Tukafika kwenye jina langu, akaniuliza sasa aniandike nani. Nikamwambia aandike F.

"F ya Fundi?"

"F tu."

Akaandika, akafikiri kidogo, akaniomba simu yangu aone nilivyomhifadhi yeye. Nikatafuta visingizio, vikaisha, nikampa. Imeandikwa "Boda Deni Kioo".